Wodi ya uzazi mteremkoni Bukavu: uchambuzi wa kisa cha usanifu wa pamoja kwa BIM

Kisa hiki kinahusu wodi ya uzazi iliyosanifiwa na ofisi tatu, mbili zikiwa Bukavu na moja Goma, ng'ambo ya pili ya Ziwa Kivu. Zilitumia BIM, yaani usanifu ambao jengo huchorwa kama modeli ya pande tatu, na kila ukuta, mlango au bomba hubeba taarifa zake: ni la nini, lina vipimo gani, nani mwenye kulishughulikia. Majina ya watu, ya kituo, ya ofisi na ya mtaa yameondolewa. Kazi ilipokwisha, mwenye mradi aliniomba nipitie mafaili na mihtasari ya mikutano, nami nikazungumza na kila upande. Ninawaandikia wasanifu na wahandisi vijana wa kwetu ambao programu wanaijua vizuri, ila bado hawajawahi kusanifu na mtu wasiyekaa naye chumba kimoja.

Hoja yangu naitaja mapema. Mwendo wa polepole ambao timu hii iliuchagua kwa sababu ya umeme na intaneti ndio uliookoa usanifu. Mwendo huohuo ukawaponza shantye, yaani eneo la ujenzi, ilipofunguliwa.

## Usuli

Mwenye mradi ni jumuiya ya dini inayoendesha kituo cha afya. Kiwanja chake ni cha kawaida kwa Bukavu: chembamba, kirefu, na kinateremka. Kati ya barabara ya juu na uzio wa chini, kimo kinashuka karibu mita 9. Jirani wa upande wa juu amejenga hadi ukingoni. Kila mwenyeji anajua ardhi hii inavyofanya mvua zikianza Septemba, na anajua pia kwamba hazikomi hadi Mei. Kwa hiyo msingi wowote wa maana huchimbwa kati ya Juni na Agosti.

Jengo lilipangwa kuwa na sakafu tatu. Ya chini, iliyochimbwa ndani ya mteremko, ilikuwa ya stoo na maabara. Ya kati ilikuwa ya leba na chumba cha upasuaji mdogo, yenye mlango wa nyuma unaofikiwa kwa rampu, yaani njia ya mteremko isiyo na ngazi. Ya juu ilikuwa ya vitanda vya akina mama waliokwisha kujifungua.

Ofisi ya usanifu ya Bukavu ndiyo iliyoongoza. Mhandisi wa miundo alikuwa Goma. Mhandisi wa mabomba na umeme alikuwa Bukavu, akifanyia kazi nyumbani kwake kwa kompyuta moja ya mkononi. Katika ofisi ya usanifu kulikuwa na fundi mchoraji kijana ambaye alipewa kazi ya uratibu, yaani kukusanya modeli za wote, kuziunganisha na kutafuta zinapogongana. Baadaye akaingia mkandarasi na kapita wake, yaani msimamizi wa mafundi.

Kwa nini BIM? Kusema kweli, mwanzoni ilikuwa kwa sababu mfadhili aliitaka. Alisema hatatoa fedha kwa devi, yaani hesabu ya gharama, iliyokadiriwa kwa macho. Alitaka hesabu ya zege, matofali na milango itoke kwenye modeli, ili akiuliza namba imetoka wapi aonyeshwe. Hakuna aliyekuwa na hamu kubwa. Msanifu kiongozi aliniambia bila kuficha kwamba aliikubali ili mkataba usimpite.

## Makubaliano kabla ya kuchora

Mshauri wa mfadhili, anayeishi Ulaya, alipendekeza wote wafanye kazi ndani ya modeli moja iliyo kwenye wingu, yaani iliyohifadhiwa kwenye intaneti, kila mmoja akiona papo hapo anachofanya mwenzake. Timu ilikataa, na nadhani huo ulikuwa uamuzi bora kuliko mwingine wowote katika mradi huu.

Sababu zao zilikuwa za kawaida kabisa. Bukavu inapata umeme kutoka mitambo ya mto Ruzizi. Wa kwanza, Ruzizi I, uko mlangoni mwa mji tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukaribu huo haujawahi kumaanisha kwamba taa haitazimika katikati ya kazi. Modeli ya pamoja ya papo hapo inataka muunganisho usiokatika, leseni za toleo moja kwa wote, na kompyuta zinazolingana nguvu. Mhandisi wa mabomba alikuwa na toleo la miaka kadhaa nyuma la Revit, programu ya kuchorea modeli za BIM, na programu hiyo haifungui faili lililohifadhiwa kwa toleo jipya zaidi. Mhandisi wa miundo alikuwa na programu nyingine kabisa ya hesabu za zege.

Kwa hiyo wakaandika makubaliano ya kurasa mbili. Kila fani itakuwa na modeli yake, na hakuna atakayegusa ya mwenzake. Zitabadilishana kwa IFC, muundo wa faili ulio wazi ambao programu nyingi za BIM zinausoma, bila kujali kampuni iliyozitengeneza. Kila Jumatano jioni kila mtu anatuma toleo lake. Alhamisi asubuhi mratibu anaziunganisha. Mchana wanakutana, waliopo Bukavu kwa meza na wa Goma kwa simu. Kinachokubaliwa kinaandikwa, na hakibadilishwi hadi Alhamisi inayofuata.

Mafaili yalipangwa katika mafolda manne, kufuata ISO 19650, kiwango cha kimataifa ambacho sehemu zake mbili za kwanza zilitoka 2018: kazi inayoendelea, iliyoshirikishwa, iliyotolewa rasmi, na kumbukumbu. Folda ya pili ni ya wasanifu kuonyeshana. Ya tatu peke yake ndiyo ya kujengea. Mafolda haya mawili yatarudi mbele katika kisa hiki, na si kwa heri.

Waliamua pia kutochora nondo zote kwenye modeli. Mhandisi wa miundo alichora zile za maungio ya nguzo na boriti tu, mahali zinaposongamana hadi zege halipenyi. Zilizobaki zikakaa kwenye michoro yake ya kawaida. Kuna watakaosema hiyo si BIM kamili. Mimi naona ni busara: modeli nzito isiyofunguka kwenye kompyuta ya mwenzako ni mapambo.

## Yaliyotokea wakati wa kusanifu

### Jengo lililoelea

Modeli za kwanza zilipounganishwa, nguzo na boriti za Goma zilikuwa zinaning'inia angani mita kadhaa juu ya kuta za Bukavu. Mafaili ya mwanzo yalikuwa mazito, yakaja kwa fleshi ndani ya boti, basi mtu wa kwanza kulaumiwa alikuwa aliyeyabeba. Masikini, hakuwa na kosa.

Mpima ardhi alikuwa ametoa vimo kama kifaa chake cha GPS kilivyovisoma. Kifaa hicho hupima kimo kutoka umbo la hesabu la dunia, si kutoka usawa wa bahari. Mhandisi wa miundo alikuwa amepewa ramani ya zamani ya kiwanja, yenye vimo vya kutoka usawa wa bahari. Msanifu alichora kwa namba za kwanza, mhandisi wa miundo akachora kwa za pili. Na juu ya hayo, viwianishi vya UTM, yaani namba za kutaja mahali kwenye ramani, kwa eneo letu ni virefu sana, kaskazini ikihesabiwa kwa mamilioni ya mita, na programu za usanifu hupoteza usahihi jengo likichorwa mbali hivyo na kitovu chake.

Suluhisho lilikuwa la kizamani. Waliweka jiwe la zege kwenye pembe ya kiwanja, wakapigilia msumari katikati yake, wakakubaliana kwamba msumari huo ndio sifuri ya wote: sifuri ya upande, sifuri ya urefu, sifuri ya kimo. Viwianishi halisi vya msumari viliandikwa mara moja kwenye karatasi ya makubaliano kwa ajili ya ofisi ya ardhi, na havikuingia tena kwenye modeli. Tangu siku hiyo modeli zilikaa mahali pamoja. Kwa mji ulio ukingoni mwa ziwa kuna kipimo kingine cha bure: uso wa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kimo cha kiwanja chochote kinaweza kulinganishwa nao kabla ya mtu kuamini kifaa.

### Migongano mamia, na mmoja wa maana

Mratibu alipoendesha ukaguzi wa migongano kwa mara ya kwanza, programu ilimletea mamia. Akaitia yote kwenye jedwali na kuituma kwa kila mtu. Hakuna aliyelisoma.

Mingi ilikuwa kelele tupu. Msanifu alichora kuta zikipita ndani ya nguzo, kila nguzo ikahesabiwa kuwa mgongano na kila ukuta unaoigusa. Bomba likigusa tundu lake lenyewe, mgongano. Wiki iliyofuata alibadili utaratibu: akaondoa inayojirudia, akaipanga kwa chumba badala ya kwa namba, na mbele ya kila kundi akaandika jina la mtu mmoja anayepaswa kujibu, pamoja na picha na neno moja la anachotakiwa kufanya. Yaliyobaki yalikuwa machache kiasi cha kujadiliwa mchana mmoja. Hapo ndipo mkutano wa Alhamisi ulipoanza kuwa na maana.

Mmoja kati ya hayo uliwagharimu wiki tatu, na unastahili kuelezwa kwa kirefu.

Vyoo vya sakafu ya juu vilikuwa upande mmoja wa korido, na njia ya wima ya mabomba ilikuwa upande wa pili, umbali wa mita 9. Bomba la maji machafu la milimita 110 lilipaswa kupita chini ya slabu, juu ya korido ya leba, na kukatiza boriti mbili. Kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3.30. Ondoa sentimita 20 za slabu na 8 za vigae na chokaa yake, zinabaki 3.02. Boriti zinashuka sentimita 30 chini ya slabu: 2.72. Bomba lenyewe, 2.61. Bomba linahitaji mteremko, na mhandisi alitaka sentimita 2 kwa kila mita, yaani 18 kwa mita 9: 2.43. Dari na fremu yake, 6. Korido ya leba ingebaki na kimo cha mita 2.37, wakati wote walishakubaliana isishuke chini ya 2.50.

Kwenye michoro ya karatasi hili lisingeonekana hadi fundi bomba apande ngazi. Mpango wa vyoo uko karatasi moja, boriti karatasi nyingine, na mteremko wa bomba hauko popote. Umeandikwa tu kama asilimia.

Walijaribu njia nne. Ya kwanza, kupunguza mteremko uwe sentimita 1 kwa mita: wangepata 2.46, bado haitoshi, na bomba la vyoo vya hospitali lenye mteremko mdogo namna hiyo huweza kuziba. Ya pili, kutoboa boriti. Mhandisi wa mabomba aliipenda, kwa kuwa tundu la sentimita 16 kwenye boriti ya 50 linaonekana dogo. Mhandisi wa miundo alikataa katakata. Tundu moja lilikuwa karibu na nguzo, na hapo ndipo nguvu ya kukata boriti inapokuwa kubwa kuliko mahali pengine, na ndipo boriti inapoanza kupasuka ardhi ikitikisika. Katika mihtasari kuna sentensi yake moja: «Nilikuwa Bukavu tarehe 3 Februari 2008.» Siku hiyo tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga kaskazini ya mji. Hakuna aliyeendelea kubishana naye.

Ya tatu, kuinua jengo zima kwa sentimita 15 kila sakafu. Msanifu aliifanyia hesabu kwenye modeli kwa jioni moja: ngazi zinaongezeka, rampu inarefuka, zege la nguzo linapanda, mfadhili anakasirika. Ya nne, kuhamisha vyoo viwe karibu na njia ya wima, bomba lishuke moja kwa moja. Kiufundi ilikuwa safi. Lakini mahali hapo palikuwa na chumba cha zamu cha wakunga.

### Mama mkunga mbele ya skrini

Hadi hapo watumiaji wa jengo walikuwa wamealikwa mara moja tu, kuonyeshwa picha nzuri. Alhamisi ile walimwita mkunga mkuu aje akae na mratibu, si kuangalia picha bali kutembea ndani ya modeli kwa kimo cha macho yake. Aliacha nafasi ya vyoo ipite haraka, akaenda moja kwa moja leba.

«Papa Arshitekti,» alisema, «mama akilala hapa, mimi nikiwa nimekaa pale, namuona kichwa au namuona miguu?»

Msanifu aligeuza mtazamo wa modeli. Walikuwa wanaona ubavu wa kabati.

Chumba cha zamu kilichokuwepo mwanzo hakikuwa kinaona vitanda vya leba hata kimoja. Hakuna aliyekuwa amekiuliza swali hilo, na programu ya migongano hailijui, kwa sababu jicho la mkunga si kitu kinachogusana na ukuta. Kwa hiyo kuhamisha vyoo hakukumnyima kitu cha thamani, ilimradi chumba kipya kiwe na dirisha la kioo kwenye ukuta wa leba. Wakakiweka kwenye sakafu ya kati, mkabala na vitanda. Mkunga aliomba na jambo la pili: rampu ya nyuma, iliyochorwa kwa upana wa mita 1.20, iwe 1.50, kwa sababu mgonjwa akiletwa usiku kwa kitanda cha magurudumu, ndugu wawili hutembea ubavuni wakiwa wameshika dripu na shuka. Ikakubaliwa. Toleo D la michoro lilibeba mabadiliko yote mawili.

## Yaliyotokea shantye

Uchimbaji ulianza Julai. Modeli ya ardhi ilikuwa imetengenezwa kwa nukta chache za mpima, programu ikajaza katikati yake kwa uso laini. Ardhi yenyewe haikuwa laini. Upande wa juu, karibu na nyumba ya jirani, kapita alikuta udongo wa kujaza: vipande vya matofali, majivu, mifuko, takataka za miaka. Kuchimba zaidi kuelekea juu, kama mchoro ulivyotaka, kungeacha msingi wa jirani ukining'inia.

Kapita alifanya ambacho kapita mzuri hufanya. Alisogeza ukuta wa kuzuia udongo sentimita 40 kuelekea jengo, akapiga hesabu ya nafasi iliyobaki kwa karatasi aliyokuwa nayo, akaona inatosha, akaendelea kabla mvua hazijaja. Ilikuwa Ijumaa. Alhamisi iliyofuata ilikuwa mbali.

Nafasi kati ya jengo na ukuta huo ilikuwa mita 3.00, na baada ya kusogeza ikabaki 2.60. Ndani yake kulipaswa kukaa rampu, na shimo la ukaguzi la maji machafu lenye upana wa sentimita 80, na sentimita 30 za kupumulia kila upande. Kwa rampu ya 1.20 jumla ni 2.60, inaingia barabara. Lakini karatasi ya kapita ilikuwa toleo B. Kwa rampu ya 1.50, jumla ni 2.90.

Jinsi toleo B lilivyofika kwake ndiyo sehemu ninayotaka vijana waisome mara mbili. Folda ya michoro iliyotolewa rasmi ilichelewa, maana sahihi ya mhandisi mmoja ilikuwa haijafika. Mkandarasi alikuwa na watu wanaolipwa kwa siku na jua linalohesabika. Msaidizi wake, aliyepewa ufunguo wa mafolda ili aangalie tu, alichukua michoro kwenye folda iliyoshirikishwa, akaenda duka la fotokopi, akachapisha kwa A3 na kuunganisha kwa gundi. Duka likapunguza mchoro ili utoshee karatasi, skeli ya 1:50 ikawa si 1:50 tena. Bahati njema kapita anasoma vipimo vilivyoandikwa, hapimi kwa rula.

Kosa liligundulika rampu ilipoanza kusukwa mbao. Mfuniko wa shimo la ukaguzi, lililokwisha kujengwa, ulikuwa ndani ya njia ya magurudumu. Palikuwa na maneno makali siku hiyo. Kapita alisema maneno yaliyoandikwa na mratibu kama yalivyo: «Mzee, mimi nilijenga karatasi niliyopewa.»

Walivunja shimo, wakalijenga upya chini ya mwisho wa rampu, na bomba likapangiwa mteremko mpya. Mkandarasi alibeba kazi ya mikono, ofisi ya usanifu ikachora upya bila malipo, mwenye mradi akatoa saruji. Kugawana huko hakukutoka kwenye mkataba, kwa sababu mkataba haukusema lolote juu ya nani anawajibika karatasi ya shantye ikipitwa na modeli.

## Matokeo

Jengo limekamilika na linatumika. Slabu na kuta za kuzuia udongo zilimalizika mvua zikiwa zimeanza, kwa kuchelewa kiasi ambacho kwa Bukavu hakishangazi mtu. Hakuna boriti iliyotobolewa. Fundi bomba alifunga mabomba ya sakafu ya juu bila kupiga simu hata moja ya kuuliza, jambo ambalo yeye mwenyewe alilitaja kwangu kama la ajabu.

Devi iliyotoka kwenye modeli ilikuwa karibu sana na uhalisia kwa zege, matofali, milango na vigae. Ilipotea kwenye mambo ambayo modeli haina. Kofraji, yaani mbao za kumimina zege, haikuwemo. Udongo uliochimbwa ulihesabiwa kwa ujazo wake ukiwa umeshikana ardhini, kumbe ukishachimbwa huvimba, na lori hulipwa kwa ujazo uliovimba. Na gharama iliyoumiza zaidi ni ya kubeba. Lori haliwezi kushuka kiwanjani. Kila ndoo ya mchanga na kila jiwe lilitoka barabara ya juu mgongoni mwa mtu, wengi wao akina mama. Modeli inahesabu mchanga kama vile umeshafika.

Mwenye mradi alikabidhiwa modeli ya IFC, michoro ya PDF, na orodha ya valvu zote na mahali zilipo. Fundi wa kituo anaifungua modeli kwa programu ya bure ya kutazamia, bila leseni ya mtu yeyote.

## Uchambuzi

Nikirudi kwenye hoja ya mwanzo. Kubadilishana mara moja kwa wiki kulimlazimu kila mtu kutuma kitu ambacho yuko tayari kukitetea. Ungekuwa mfumo wa papo hapo, mhandisi wa mabomba angetoboa boriti kwenye modeli Jumatatu, mhandisi wa miundo angeliziba Jumanne, na pengine tundu lingebaki bila mtu kulizungumzia. Kwa kuwa walisubiriana, mgongano ule ulibaki wazi mezani kwa wiki tatu, ukavuta watu wote, hadi ukamfikia mkunga. Sidhani chumba cha zamu kingeonekana kwa njia nyingine.

Kuna upande mmoja wa sifa hizo ninaoutilia shaka. Mratibu alikuwa hodari kuliko cheo chake na mshahara wake. Utaratibu wake wa kuweka jina moja mbele ya kila mgongano haukuwa kwenye makubaliano. Aliubuni baada ya jedwali lake la kwanza kupuuzwa. Ofisi nyingine ikinakili kurasa mbili zile bila kuwa na mtu kama yeye, itapata mamia ya migongano na mkutano wa kusinzia. Kazi hiyo ilipaswa kuwa na malipo yake kwenye devi ya usanifu tangu mwanzo. Haikuwa nayo.

Kwenye shantye mambo yanageuka. Mvua haisubiri Alhamisi. Wiki ni muda mzuri wa kufikiri boriti, na ni muda mrefu mno kwa mtu aliyesimama mbele ya udongo unaoporomoka. Timu iliendelea na mwendo uleule kwa mazoea. Modeli ilikuwa sahihi kila Alhamisi kuhusu jengo lililokusudiwa, huku jengo linalojengwa likiondoka taratibu kwenye njia yake. Sioni kosa la kapita hapa. Uamuzi wake wa sentimita 40 ulilinda nyumba ya jirani, na kwa karatasi aliyokuwa nayo ulikuwa sahihi hadi sentimita ya mwisho.

Uzembe uko sehemu mbili. Kwanza, ufunguo wa folda ya michoro isiyo rasmi kuwa mkononi mwa mtu wa shantye. Mkandarasi apewe folda iliyotolewa rasmi tu. Ikichelewa, apige kelele, na kelele hizo ndizo zitakazoharakisha sahihi. Pili, nukta chache za upimaji. Kwa kiwanja tambarare zingetosha. Kwa mteremko wenye jirani juu na historia ya kujazwa takataka, mashimo machache ya majaribio yaliyochimbwa kwa jembe kabla ya kusanifu ukuta yangeonyesha udongo wa kujaza ulipoanzia, kwa gharama ndogo kuliko ile ya kuvunja shimo moja la ukaguzi. Programu ilichora uso mzuri wa kijani na wote wakauamini kwa sababu ulikuwa mzuri.

Baada ya kisa cha rampu walibadili utaratibu, na huu ndio unaofaa kuigwa. Kila jioni kapita anapiga picha za kilichojengwa siku hiyo, utepe wa kupimia ukiwa umenyooshwa ndani ya picha na namba zinasomeka, anazituma kwa WhatsApp. Mratibu anaingiza tofauti yoyote inayozidi sentimita 5 kwenye modeli kwa rangi nyekundu usiku huohuo, na mhandisi husika anajibu kabla ya saa mbili asubuhi. Kila karatasi inayoshuka shantye ina herufi kubwa ya toleo kwenye pembe, na toleo jipya likifika la zamani linarudishwa ofisini, halibaki hata la kufunikia saruji. Kwa awamu ya pili, ambayo ni jengo la kufulia na uzio wa chini, mkataba una kifungu kipya: anayejenga kwa karatasi ambayo si ya folda rasmi analipa mwenyewe kubomoa, na ofisi inayochelewesha folda rasmi zaidi ya siku tatu inalipa vibarua waliokaa bure. Mkandarasi alikubali nusu ya kwanza baada tu ya kuiona nusu ya pili.